Printa Alipokuja na Posa

Usiku wa jana niliota kompyuta ya dukani kwa Mjomba Kibwana imetuma washenga nyumbani kwetu.

Sikushangaa. Katika ndoto nilijua tu kwamba sebule imefagiliwa na kwamba wageni hawaachwi wamesimama mlangoni. Nikatandika mkeka.

Kwanza niseme hali ilivyokuwa kabla sijalala. Nafanya kazi kwa Mjomba Kibwana hapa Muheza, kwenye duka lake la kupiga picha za pasipoti na kuchapa. Shule niliishia darasa la tano, kwa hiyo maneno ya Kiingereza yanayotokea kwenye kioo siyasomi, nayajua kwa sura. Kuna kisanduku cha buluu na kuna cha kijivu. Cha buluu ni Sasa. Cha kijivu ni Baadaye. Kompyuta inataka apdeti kila mara, na mimi nabonyeza cha kijivu kila mara, kwa sababu ikishajiapdeti lazima kitu kiharibike. Kuna siku ilipoteza sauti. Siku nyingine iliamka na wateja wote wana nyuso za buluu, na mzee mmoja akaichukua picha yake hivyohivyo, akasema imefanana naye.

Jana mchana nilitoka kununua chapati. Niliporudi nikakuta imeshajiapdeti yenyewe.

"Ukiikalia kimya sana inahesabu umekubali," Mjomba akasema.

Tangu hapo kompyuta na printa hawajuani. Wanakaa meza moja, waya upo, lakini hawajuani.

Jambo la pili ni Mbaruku. Mbaruku anauza mitungi ya gesi. Ameniposa, na leo watu wake walikuwa waje kuchukua jibu. Kwetu msichana akiulizwa, akainamisha kichwa bila neno, shangazi anatoka nje na kupiga kigelegele, imekwisha. Mimi hata nikiulizwa kama mchuzi una chumvi nainamisha kichwa. Shangazi Mwanjaa, dada yake baba, alikuwa ameshaanza kunywa maji ya tangawizi kulainisha koo.

Simtaki Mbaruku. Sikuwa nimemwambia mtu.

Basi, washenga wakaingia.

Printa ndiye msemaji wao. Amevaa kanzu iliyonyooshwa. Nyuma yake yuko Mausi, anaburuta mkia, na kila kitu anakisema mara mbili.

"Shikamoo shikamoo."

"Marahaba marahaba," Shangazi anajibu.

Wa mwisho ni kile kisanduku cheusi cha kutunza umeme, kinacholia pii umeme ukikatika. Dukani tunamwita Mzee. Anakaa karibu na mlango.

Printa ananguruma kwanza, muda mrefu, kama mtu anayetafuta funguo ndani ya begi. Kisha anasema, "Tumekuja kwa—" na anakwama.

Tunasubiri. Shangazi anamsogelea, anamfungua kifuani, anachomoa karatasi iliyokunjamana, anamfunga.

"Endelea, baba."

"—heri. Tumesikia kwenye nyumba hii yuko Siwema. Ni wa zamani kidogo. Tunaomba tumlete Siwema mpya."

"Huyu ana ubaya gani?" Baba anauliza.

"Hana ubaya. Ni kwamba mpya ametoka."

"Na baada ya huyo mpya, atatoka mwingine?"

"Atatoka."

"Sasa huyu wa leo atakuwa nani?"

"Atakuwa wa zamani kidogo."

Baba anakuna kidevu. Shangazi ananigeukia. "Siwema, mama, unaulizwa. Sasa au baadaye?"

Nainamisha kichwa.

Juu ya kichwa changu nukta nyeupe zinaanza kuzunguka. Sebule nzima inaziangalia. Mama Chaurembo, jirani yetu, amechungulia dirishani, naye anaziangalia. Nukta zinazunguka, zinapungua, zinaisha.

"Amekaa kimya," Printa anasema. "Tumehesabu."

Shangazi akatoka nje. Kigelegele chake kilikuwa kirefu kiasi kwamba aliporudi ndani kilikuwa bado kinaendelea huko uani.

Ndipo hina ikaanza. Hakuna aliyenipaka. Ilianzia kwenye kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, ikapanda mpaka nusu ya ukucha, ikasimama. Ikakaa hapo kama inafikiria. Nikadhani imeacha. Ghafla ikawa imefika kiganjani.

"Ikifika kwenye kiwiko tumemaliza," Printa anasema. "Tafadhali, msizime kitu chochote."

Watu wakatii. Jikoni maharage yanaungua na hakuna anayezima jiko. Bomba la uani linamwagika. Mama Chaurembo alikuwa anacheka amri ilipotoka, kwa hiyo anaendelea kucheka, machozi yanamchuruzika.

"Samahanini," anasema katikati ya kicheko. "Hata halichekeshi tena."

Nikafungua mlango wa nyuma nipate hewa. Badala ya uani nikatokea zahanati, pale kwenye mabenchi ya kusubiri. Mabenchi yamejaa wasichana. Wote wana uso wangu, wote wameziba mdomo kwa ncha ya mtandio.

"Nyie ni nani?"

"Sisi ni Baadaye zako," anajibu mmoja. "Kila ukituahirisha tunaletwa hapa."

Mmoja ameshika sahani ya wali, umepoa mpaka umekauka. Mmoja ameshika gauni la kupeleka kwa fundi. Karibu na ukuta amekaa mmoja amevaa sare ya shule, sketi imemfupikia.

"Mimi ni ile siku Mwalimu Mbelwa alipokuuliza kama unataka kurudi darasani," anasema. "Ulisema utamjibu baadaye."

"Bado unasubiri?"

"Hakuna aliyeita jina langu."

Halafu anasogea kidogo, anapiga benchi kwa mkono. "Hapa tumemwekea nafasi Baadaye wa Mbaruku. Lakini sijui kama atakuja. Safari hii wamesema Sasa."

"Mimi sikusema Sasa."

"Hukusema kitu."

Nikamuuliza kama kuna kisanduku cha tatu. Wakatazamana wote, na kwa sababu wana uso wangu niliona jinsi ninavyoonekana nikiwa na hofu.

"Kipo," wa sare akasema taratibu. "Lakini hakibonyezwi. Kinasemwa."

Nikasukuma mlango wa daktari, nikawa sebuleni kwetu.

Hina imepita kifundo cha mkono. Mahali pangu pa kukaa pamekaliwa. Siwema mpya ameletwa kwa majaribio. Amenyoosha mgongo na anawaangalia watu machoni.

"Kwenye huyu tumeondoa aibu," Printa anaeleza. "Tumeondoa kuimba wakati wa kufua. Tumeongeza kucheka maneno ya bwana."

Mbaruku naye yupo, amekaa pembeni juu ya mtungi wa gesi. Anakohoa.

"Juzi kuna mteja wangu mmoja—" anaanza.

"Ha ha ha," Siwema mpya anacheka.

Mbaruku anaangalia chini. "Amefiwa," anamalizia.

"Hilo tutalirekebisha kwenye apdeti ijayo," Printa anasema.

"Ijayo ijayo," Mausi anasema.

Baba anaona mambo yamekuwa mazito, anataka kutoka kidogo. "Siwema, mwanangu, niletee kandambili zangu."

Siwema mpya anamwangalia. "Kifaa hiki hakitambuliki."

"Ni mimi, baba yako."

"Chomoa, kisha uchomeke tena."

Baba hajui kubishana na wageni. Anatoka nje, anarudi ndani. Siwema mpya anatikisa kichwa. Baba anatoka tena. Safari hii anaporudi amevua kofia, ili aonekane vizuri.

"Kifaa hiki hakitambuliki."

Baba amesimama katikati ya sebule yake, kofia mkononi, pekupeku.

Hapo nikafungua mdomo, nikasema. Hakikutoka kitu. Nikasema tena kwa nguvu. Kimya. Kwenye kona ya sebule, chini ya dari, nikaona ile alama ya spika iliyokatwa kwa mstari.

"Sauti yako iliondoka kwenye apdeti ya zamani," akasema mtu karibu na mlango. Ni Mzee. Sikuwahi kumsikia akisema zaidi ya pii. "Njoo nikuazime yangu. Chaji niliyonayo ni ndogo, mjukuu wangu. Nikianza kulia, usinisubiri."

Akachomeka waya wake kwenye pindo la kanga yangu. Hina imefika chini kidogo ya kiwiko. Inafikiria.

Pii, Mzee analia. Pii. Pii.

"Sema, mjukuu wangu."

"SITAKI!"

Vikombe kabatini vikagongana. Sikujua kama ninaweza kuacha, kwa hiyo nikaendelea. "Simtaki huyu mpya! Na Mbaruku simtaki! Hana kosa! Simtaki tu!"

Printa akanguruma, akatulia.

"Sawa," akasema.

"Sawa tu?" Shangazi akauliza.

"Sawa tu. Ni kwamba hatujawahi kuambiwa. Huwa tunauliza, watu wanainama."

Mbaruku akashusha pumzi mpaka mtungi aliokalia ukalia. "Hata mimi," akasema. "Mama aliniuliza, nikainama."

Mama Chaurembo akaacha kucheka, akajifuta uso, akaomba maji. Mtu akazima jiko. Siwema mpya akasimama, wakamkunja kama mkeka, Mausi akambeba.

"Ungetuambia mapema," Printa akaninong'oneza wakitoka. "Tumetoka mbali." Duka liko ng'ambo ya barabara.

Baba akanitazama, bado hajavaa kofia. "Siwema?"

"Abee, baba."

"Kandambili."

Nikampa. Hina ilikuwa imeanza kurudi. Ikashuka kutoka mkononi, ikaacha kiganja, ikaacha kidole kimoja kimoja. Ikafika nusu ya ukucha wa kidole cha mwisho, ikasimama kufikiria.

Nikaamka.

Jua limeshaingia chumbani. Shangazi Mwanjaa amekaa miguuni pa kitanda changu na kikombe cha chai. Chai ni yangu. Anainywa.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Koo halikuumi?"

"Kwa nini?"

"Eti kwa nini! Umepiga ukelele karibu na alfajiri, kuku wa Mama Chaurembo wametoka bandani. Sitaki, sitaki, Mbaruku simtaki, hana kosa, simtaki tu. Halafu ukageukia ukutani ukaendelea kukoroma. Sisi wengine tumekaa kitako mpaka kunakucha."

Nikajifunika shuka mpaka kichwani.

"Jifunike, jifunike. Tumeshasikia."

"Na baba?" nikauliza ndani ya shuka.

"Baba yako alisimama hapo mlangoni na kandambili zake. Akasema, mtoto huyu tangu azaliwe namuuliza mambo sijapata jibu lenye sauti. Hilo ni jibu. Kulipokucha akampigia mshenga simu, wasijisumbue kuja."

Nilibaki humo ndani ya shuka nikipumua. Sijui niliacha lini kupumua vizuri, labda tangu ile posa ilipoletwa, lakini sasa hewa ilikuwa inaingia mpaka chini.

"Wamekasirika?"

"Nani akasirike? Mshenga kasema kijana alipoambiwa alivuta pumzi ndefu, akaomba aongezewe chai. Eti na yeye aliulizwa na mama yake akainama tu!" Shangazi akapiga funda. "Watu wazima wawili mnainama huko na huku, na mimi huku nakunywa matangawizi."

Nikacheka. Kicheko kikatoka na sauti yake yote, mpaka nikajishtukia. Shangazi naye akacheka, akanivuta shuka.

"Haya inuka, Mjomba wako anakusubiri dukani. Chukua hiki kikombe, kimebaki kidogo."

Nikanyoosha mkono wa kushoto, kwa sababu ndio uliokuwa karibu. Nilidhani atanigombeza nitumie wa kulia. Badala yake akaushika, akauvuta kwenye mwanga wa dirisha, akasogeza uso.

"Hina hii umepaka lini? Na nani alikufundisha kupaka nusu ya ukucha?"

Nikaangalia. Kidole cha mwisho. Rangi ilikuwa mbichi, imekatika katikati ya ukucha kwa mstari ulionyooka.

Siku nyingine ningeinamisha kichwa.

"Ilikuwa inarudi, shangazi," nikamwambia. "Nimeamka kabla haijamaliza."