Gigozi ya Mulima

Siku tuliyogawana mbegu ya maharagi mbele ya kapela yetu ya Kalembe, kidogo tumpoteze Anastasie. Sisemi alitaka kufa. Nasema jina lake. Mjane akiisha kuitwa mwizi, nani tena atamwazima jembe?

Tulikuwa wajane thelathini wa shirika moja. Parokia ilitupa magunia mawili ya mbegu, na gari la Papa Apollinaire, mfanyabiashara mtu wa Butembo, ndilo lililoyaleta. Siku iliyotangulia tulipima yote katika depo yake ya kuwekea magunia, yeye, Anastasie na mimi. Tulipima kwa gigozi, lile kopo la maziwa ya watoto ambalo kwetu ndilo kipimo cha sokoni. Papa Apollinaire alijaza kopo, akapitisha kijiti juu ya mdomo wake, akamwaga, akajaza tena. Gunia la kwanza lilitoa gigozi arobaini na tano. La pili vilevile. Tisini kwa watu thelathini, kila mama tatu, na hakuna kinachobaki. Nilimshukuru Mungu, maana kinachobaki ndicho huleta maneno.

Tulimchagua Anastasie apime. Ameuza maharagi kwenye soko la Kalembe tangu mume wake angali hai, na wateja wake hawamwachi. Yeye mwenyewe alisema atachukua fungu lake mwisho, wote wakiisha kupata.

Niliongoza sala ya kufungua. Ya kufunga nayo ilikuwa yangu, na kwetu hakuna anayeondoka kabla ya sala ya kufunga, hata kama mvua inampiga mtoto mgongoni. Mbele kabisa ya mstari alisimama Adelaïde, prezidenti wetu, mama mwenye sauti ya kusikika mpaka ng'ambo ya mto.

“Dada Anastasie,” akasema, “unipimie muzuri. Usinipimie kama muntu wa depo!”

Wamama wakacheka. Anastasie akacheka pia. Akazungusha kiganja cha kushoto kwenye mdomo wa kopo, akajaza kwa mkono wa kuume, akamwaga gigozi tatu katika kikwembe cha Adelaïde, kile kitambaa tunachojifunga. Akaja wa pili, akaja wa tatu. Kila mmoja alifunga mbegu yake na kwenda kukaa kwenye majani, akitazama mawingu juu ya milima. Mimi nilikuwa wa kumi na kitu. Nilipata zangu tatu, nikafunga.

Ndipo nikasikia Anastasie akikung'uta gunia.

Alilikung'uta, akaligeuza ndani nje, akaingiza mkono kwenye pembe zake. Vumbi tu. Mbele yake walikuwa wamesimama wamama wanne na vikwembe vitupu, na yeye mwenyewe wa tano. Kati ya hao wanne alikuwa Mbambu, aliyetoka Ntoto kwa miguu tangu alfajiri.

“Maharagi iko wapi?” Mbambu akauliza.

“Sijui, mama.”

“Hujui namna gani? Kopo iko mu mukono yako!”

Adelaïde alikuwa ameisha kusimama. “Jana mulisema tisini. Mama Sylvain, ni tisini ao si tisini?”

“Ni tisini,” nikasema. “Nilihesabu kwa macho yangu.”

“Na jana magunia ililala kwa nani?”

Wote walijua. Magunia yalilala kwa Anastasie. Nyumba yake ndiyo iliyo karibu na kapela.

“Lakini mimi pia sijapata,” Anastasie akasema. “Mwizi anajiacha mwisho, anakosa na yeye?”

“Mwerevu njo anajiacha mwisho,” akajibu Adelaïde.

Anastasie akakaa kwenye ngazi ya kapela, kopo mapajani. Hakulia. Alikuwa anatazama gunia tupu kama mtu anayetazama mlango uliofungwa usoni pake.

Nikaingia ndani nikachukua ubao wa katekista na kipande cha chaki. Nilisoma shule ya msingi, nikaimaliza, na mwalimu wetu Barthélemy alitufundisha zile hesabu za maneno, ambamo mama fulani anaenda sokoni na unaulizwa amerudi na nini. Alitaka tuulize mambo matatu kwa mpango: tunajua nini, tunaulizwa nini, tutafanya nini. Nikauegemeza ubao ukutani.

“Tunajua nini?” nikasema. “Gigozi tisini zimeingia. Wamama waliopata ni wangapi? Mujihesabu.”

Wakajihesabu kwa sauti. Ishirini na tano.

“Kila mmoja amepata ngapi?”

“Tatu!”

“Ishirini na tano mara tatu?”

“Makumi saba na tano,” akasema Fifi, mdogo wetu kwa umri, ambaye huuza ndizi na hahitaji ubao.

Nikaandika. Chini yake nikatoa: tisini, toa sabini na tano. Nilipoliona jibu nilikuwa nimeisha kuliandika. Kumi na tano.

“Kumi na tano!” Adelaïde akapiga makofi. “Watu watano mara tatu, kumi na tano. Njo ile ile inakosa! Mama Sylvain mwenyewe ameandika. Gigozi kumi na tano zimelala mu nyumba ya muntu.”

Nilitaka kumfungua Anastasie, na hesabu yangu ndiyo iliyomfunga. Na hesabu haikuwa na kosa. Niliipitia tena kwa vidole, ikakataa kubadilika.

“Funga na sala, Mama Sylvain,” Adelaïde akasema. “Mvua inakuja, leo tupande. Mambo ya huyu tutaipeleka kwa Padri.”

Wengine walikuwa wameisha kuinua mizigo. Nikaona hatari iko wapi. Sala ikifungwa wataondoka, maharagi yataingia ardhini ao kwenye chungu, na hakuna mtu atakayeweza tena kuyauliza kitu. Litabaki lile “kumi na tano” peke yake, na jina la Anastasie karibu nalo.

“Sala sifungi,” nikasema.

“Unasema?”

“Sifungi. Sitasema Amina juu ya hesabu isiyoisha.”

“Si imeisha! Jibu njo hii!”

“Jibu la kutoa limeisha. Swali halijaisha. Mukae.”

Walikaa, si kwa kunipenda. Fifi akanong'ona kwa wote kusikia: “Leo tutapandia hapa hapa kwa kapela. Padri atavuna.” Wachache wakacheka, na mimi nikapata dakika ya kufikiri.

Mwalimu Barthélemy alikuwa na hesabu moja ya mbuzi. Inaanza na mbuzi kumi na inamaliza na miguu minane, na sisi watoto tulikimbilia kutoa. Alituacha tutoe, kisha akatuuliza: “Mbuzi kumi, toa miguu munane, mumebaki na munyama gani?” Tulicheka mpaka tukaelewa. Kabla ya kutoa, uangalie kama unatoa kitu kile kile.

Nikasoma ubao tena, neno kwa neno. Gigozi tisini. Gigozi sabini na tano. Gigozi na gigozi. Nikamtazama Anastasie pale kwenye ngazi. Kopo lilikuwa mapajani mwake, na kiganja chake cha kushoto kilikuwa kimezunguka mdomo wa kopo, chenyewe tu, bila kazi. Mkono uliozoea soko.

“Anastasie,” nikasema, “nipimie gigozi moja.”

“Ya nini tena?”

“Chukua mu fungu langu. Nipimie vile umewapimia wote.”

Nikafungua kikwembe changu. Akasimama, akazungusha kiganja, akajaza. Maharagi yalipanda juu ya mdomo wa kopo, yakapanda mpaka kwenye ncha za vidole vyake, yakasimama kama mlima.

“Usimwage. Shika hivyo hivyo. Fifi, leta sahani.”

Nikaokota kijiti, nikakipitisha juu ya mdomo wa kopo kama Papa Apollinaire alivyofanya. Mlima wote ukaanguka katika sahani.

“Hii iliyobaki ndani,” nikasema, “njo gigozi ya jana. Gigozi ya kukata. Na ile ya leo?”

“Ya mulima,” akasema Mbambu polepole.

“Ya mulima. Tisini zilikuwa za kukata. Sabini na tano ni za mulima. Nimetoa miguu kwa mbuzi.”

Neno la mbuzi hawakulielewa, lakini la mlima walilielewa wote. Hakuna mwanamke wa Kalembe anayempimia mwenzake kwa kukata. Kukata ni kwa depo, kwa magunia, kwa watu wasiojuana. Ukimkatia jirani yako, siku hiyo hiyo utasikia kwamba umekuwa mchoyo.

“Mulima moja hauwezi kula gigozi kumi na tano,” Adelaïde akasema, lakini sauti ilikuwa imepungua.

“Moja hapana. Ngoja tuone iko mingapi.”

Tuliangusha mlima wa pili katika sahani, na wa tatu. Anastasie alijaza, mimi nilikata, na yaliyobaki koponi yakarudi katika kikwembe changu. Nilimwambia asijaze kwa huruma wala kwa hasira, ajaze tu kama sokoni. Tulipofikisha milima mitano nikamwaga sahani katika kopo lile lile, sasa tupu, nikapitisha kijiti. Kopo lilijaa, na kijiti hakikuangusha hata mbegu.

“Tunajua nini?” nikauliza, na safari hii walijibu kabla sijamaliza.

“Milima tano ni gigozi moja!”

“Kila mama amebeba milima mingapi?”

“Tatu!”

“Wamama ishirini na tano?”

“Makumi saba na tano ya milima,” akasema Fifi.

“Gawanya kwa tano.”

Hapo Fifi alifunga macho, midomo ikicheza. Kisha akayafungua na kumtazama Anastasie, hakunitazama mimi. “Kumi na tano,” akasema. “Mama yangu. Ni kumi na tano.”

Nikaiandika chini ya ile ya kwanza. Kumi na tano na kumi na tano.

“Basi mwizi ni nani?” Mbambu akauliza.

“Sisi wote tuliofunga vikwembe,” nikasema. “Na mimi ndani.”

“Mimi nilibeba tu ile nilipewa!” akalia mama mmoja nyuma.

“Na mulima wa Mama Adelaïde,” Fifi akasema, “ulikuwa kama ule wa madini wa Rubaya. Ungekaa kidogo, wachimbaji wangepanda juu.”

Kicheko kilitoka hata kwa wale watano. Adelaïde hakucheka. Alikuwa amesimama na mzigo wake kifuani, na niliona anakumbuka maneno aliyoyasema pale mbele ya mstari, yale ya muntu wa depo. Hakuna aliyemkumbusha. Mimi sikutaka, kwa kuwa aliyasema na moyo mweupe, na mimi pia niliyacheka.

Akaja mpaka kwenye ngazi. Akafungua kikwembe, akakitandika mbele ya Anastasie.

“Kata,” akasema.

“Mama Adelaïde, si lazima uanze wewe.”

“Kata, dada. Nilianza kupokea, nianze kurudisha.”

Anastasie akashika kijiti. Mara ya kwanza mkono wake wa kushoto ulikwenda tena wenyewe kwenye mdomo wa kopo, na ilimbidi auweke nyuma ya mgongo. Akampimia Adelaïde gigozi tatu za kukata, na yaliyozidi akayasukuma kwenye turubai tulilolitandika. Nami nikafuata. Kisha wengine, kila mmoja na kikwembe chake. Wachache walinung'unika kwamba mulima njo heshima, muntu hawezi kurudisha heshima. Mbambu akawaambia kwamba yeye ametoka Ntoto, na heshima hajaionja, iwe na mlima ao bila mlima. Wakafungua.

Fungu la kwenye turubai likapanda. Wanne wakapimiwa, tatu tatu, kijiti kikipita. Akabaki Anastasie. Moja, mbili, na ya tatu ikafika chini kidogo ya mdomo wa kopo. Turubai lilikuwa tupu. Ubaoni zilikuwa kumi na tano kamili, lakini ubao haujui kuku wa katekista, waliokuwa wanazunguka miguuni mwetu tangu asubuhi.

“Inatosha,” Anastasie akasema. “Imekaribia.”

“Haitoshi,” akasema Adelaïde. Akatia mkono katika mbegu yake mwenyewe, akamwaga kiganja kimoja katika kopo, na cha pili. Maharagi yakafika kwenye mdomo, yakaanza kupanda. Akawa anaongeza cha tatu, na vidole vyake vilikuwa vimeisha kuzunguka kopo ili yasianguke.

“Dada Anastasie,” akasema, bila kuinua macho, “nilikuita kwa jina lisilo lako. Mbele ya watu nilikuita, mbele ya watu nalirudisha.”

“Nimesikia, mama. Toa mukono.”

“Acha nikuwekee.”

“Toa mukono.”

Akautoa. Anastasie akapitisha kijiti, na mlima wa Adelaïde ukaangukia katika kikwembe chake mwenyewe.

Nikafunga na sala. Niliifanya fupi, kwa sababu matone ya kwanza yalikuwa yanagonga mabati. Tulipokuwa tunafunga mizigo mgongoni, Adelaïde alimuuliza Anastasie kama parokia ikileta mbegu nyingine atakubali kupima tena.

“Nitapima,” akasema. “Lakini kwa kukata.”

“Watu watakuita muchoyo, dada!” Fifi akamwambia.

Anastasie akajitwika mzigo, akaweka kopo juu yake.

“Waniite. Si mubaya kama lile jina jingine.”