Bango la Mwanamke wa Ngazini

Harufu ndiyo iliyomwambia kwanza. Indumati, fundi wa kutengeneza mabango ya kale, alikuwa amelaza bango kifudifudi mezani, amelifunika kwa taulo bichi ili gundi iliyoshika kitambaa cha nyuma ilegee. Alipofunua pembe moja aone kama kitambaa kimeanza kuachia, uwatu ukampanda puani.

Akasimama hapohapo na kisu chake butu mkononi. Mafundi wote wa mabango wa Mumbai ya zamani walipika gundi ya unga wa ngano na kuitia mrututu ili mende wasiile. Lakini aliyetia na uwatu ndani yake alikuwa mmoja tu, marehemu baba yake, Dattaram, mchoraji wa mabango ya sinema. Majirani wa mtaani Girgaon walikuwa wakimcheka kwamba anawapikia mende mchuzi.

Bango hilo aliletewa na Bwana Kersi, Mparsi mmoja mpole anayekusanya vitu vya sinema za kale. Filamu yenyewe haipo tena, hata kipande cha mkanda hakikubaki. Kilichobaki ni karatasi hii: mwanamke anashuka ngazi na taa mkononi, na kivuli chake kinapanda ngazi zilezile nyuma yake. Bwana Kersi alisema alilinunua kwa watoto wa mwenye duka mmoja, na kwamba halina la pili duniani. Lilikuwa limechanika kidevuni, pembe zimeliwa, moshi wa jikoni umeligandia. Indumati alijua mara moja kuwa ni kazi ya baba yake. Lakini nakala yao ya nyumbani ilikufa maji zamani, kwa hiyo akadhani hii ni nakala nyingine, akafurahi kwamba angalau moja ilipona.

Sasa alikivuta kitambaa taratibu, akikiviringisha kidogo kidogo. Kilikuwa sari ya kijani yenye pindo jekundu. Karibu na pindo palikuwa na kiraka cha mraba, pale jiko lilipoiunguza sari ya mama yake. Alikuwa mtoto mdogo siku baba yake alipobandika bango lile juu ya sari ile, na yeye ndiye aliyeshika ncha ya pili. "Vuta, Indu, vuta," baba alimwambia. "Usiache likunjamane kama uso wa bibi yako."

Akakaa kwenye kiti.

Mwaka wa mafuriko, wakati huo Indumati ni msichana aliyekwisha kuchumbiwa, wazazi walikuwa wamekwenda shamba kwenye msiba. Chumba chao kilikuwa cha chini. Kabla ya kuondoka baba alimwambia, maji yakija, jambo la kwanza ni sanduku la mabango. Maji yakaja. Akalibeba sanduku peke yake, akalipandisha kitandani juu ya magodoro, kisha akakimbilia ghorofani kusaidia wazee wa jirani. Kaka yake, Moreshwar, alibaki chini kulinda vitu. Kulipokucha Moreshwar alimwambia kwamba amelikuta sanduku sakafuni, limejaa maji, na bango la ngazi limekuwa uji. Amelitupa mtaroni, alisema, ili baba asilione katika hali ile.

"Lakini mimi nililipandisha kitandani, kaka."

"Ulilipandisha ndotoni."

Sanduku lilikuwa sakafuni kweli, na lilikuwa limelowa kweli. Nani angebisha?

Baba hakumgombeza. Aliacha tu kumpa brashi zake azioshe. Jioni alikuwa akiziosha mwenyewe, mgongo kaupa mlango. Indumati akaolewa, na kabla mwaka haujaisha baba akafariki. Miaka ikapita, kisa kikageuka mzaha wa nyumbani. Watoto wa Moreshwar walimwita Shangazi Mafuriko. Mama yake alikihadithia kila mvua zikianza. Hata yeye mwenyewe alizoea kukianza kabla wengine hawajakianza, akacheka nao, na mwishowe akawa hana hakika tena kama mikono yake iliwahi kulinyanyua sanduku lile.

Aliinuka, akalishika bango mbele ya dirisha. Karatasi iliyokunywa maji haiwezi kuficha. Maji yakikauka huacha mstari wa kahawia pale yalipoishia, kama chai iliyomwagika kwenye shuka. Akaitazama karatasi upande hadi upande. Aliona mikunjo, matundu ya misumari, vinyesi vya nzi, mafuta. Mstari wa maji haukuwapo.

"Indu," mama yake aliita kutoka chumba cha pili. "Chai leo hainywewi?"

"Naja, Mama."

Mama alikuwa anakaribia miaka tisini, na aliishi kwa Indumati tangu Shaila, mke wa Moreshwar, aliposema ngazi za kwao hazimfai mgonjwa wa magoti. Indumati alimnywesha chai, akampaka mafuta magotini, habari ya bango hakuitaja. Akisema yeye, itakuwa ni mtu anajitetea. Alitaka Moreshwar aseme kwa mdomo wake mbele ya mama, mama asikie, kabla hajafa, kwamba binti yake hakuwa mzembe. Basi. Hakutaka kingine.

Akaendelea na kazi. Aliosha karatasi kwa maji safi, akailaza juu ya karatasi nyembamba mpya, akaziba matundu kwa vipande vya karatasi ya umri uleule. Kidevu kilimchukua muda. Bango la chapa ya mawe halina rangi iliyopakwa, lina nukta nyingi kama ulezi uliomwagwa, kwa hiyo alidonoa nukta moja moja kwa ncha ya brashi mpaka mwanamke wa ngazini akapata kidevu.

Moreshwar na Shaila walikuja siku ya Bhaubij, Diwali ilipokuwa inamalizika. Siku hiyo dada humzungushia kaka yake taa, humtia alama nyekundu kwenye paji la uso, halafu humpakulia yeye kwanza. Shaila aliingia na boksi la peremende kifuani.

"Wifi, niiweke wapi hii? Chini siweki. Kwako vitu vya chini vinaogelea."

Moreshwar akacheka. Mama akacheka kitandani. Indumati alipokea boksi akaliweka juu ya kabati.

"Kaka, njoo kwanza uone kazi niliyo nayo."

"Njaa inaniuma, Indu. Harufu ya puri imenipokea tangu barabarani."

"Dakika moja tu."

Bango lilikuwa mezani, uso juu. Moreshwar aliingia akifuta miwani yake kwa ncha ya shati. Alipoivaa, mkono ulibaki pale sikioni.

"Yalikuwa mengi haya," alisema. "Walichapa mengi."

Indumati akachukua sari kutoka kwenye kamba ilipokuwa inakauka, akaitandaza mbele yake. "Na hii sari ya Mama, na kiraka chake, zilichapwa nyingi pia?"

Moreshwar akatafuta kiti, akakaa. Kwa mbali walimsikia Shaila akimweleza mama bei ya vitunguu.

"Leo sikukuu, mdogo wangu."

"Najua. Nimepika tangu alfajiri."

"Nilikuwa kijana. Kazi bandarini haikupatikana kwa mikono mitupu. Kulikuwa na mtu wa kupewa kitu kidogo, nikaliuza kwa mwenye duka."

"Ungesema."

"Baba angenifukuza."

"Ukaona bora aninunie mimi."

"Hata kofi hakukupiga."

"Kofi ningelisahau."

Moreshwar alikuna shingo. Alikuwa mzee sasa, na kwa muda kidogo Indumati alimwonea huruma, kisha akakumbuka ule mgongo wa baba mlangoni.

"Sikudai kitu," alimwambia. "Nenda pale kitandani, umwambie Mama. Maneno mawili. Sanduku nililiweka juu, wewe ukalishusha. Asife anadhani ni mimi."

Moreshwar alicheka kidogo, cheko la mtu aliyebanwa.

"Mama anajua, Indu."

Indumati aliikusanya sari kutoka mbele yake.

"Anajua tangu wiki ileile. Nilikuwa sili, akanibana, nikamwambia. Yeye ndiye aliyesema tunyamaze. Alisema Indu ni wa kwenda kwa watu, huku hatakuwapo. Akaniambia, wewe ndiye utakayebaki na baba yako nyumba moja." Akamtazama. "Mimi nilidhani alikwisha kukwambia. Miaka yote hii mnaishi pamoja. Na unavyocheka nasi, nikajua umeshazoea."

Indumati alikunja sari, ncha kwa ncha, akaiweka mezani. Akatoka.

Mama alikuwa akichambua majani ya giligilani kwenye ungo. Shaila alikuwa amekwenda jikoni kuonja chumvi asiyotumwa kuonja.

"Mama, kaka Moru anasema ulijua habari ya bango."

"Bango gani."

"La Baba."

Vidole vya mama havikusimama. Alitupa shina moja, akachukua jingine.

"Baba yako angemuua yule mtoto," alisema.

"Na mimi?"

"Wewe moyo wako mpana. Nilijua utabeba."

"Hukuniuliza."

"Kwani mtoto wa kike huulizwa?" Alisema bila ubaya, kama mtu anayejibu saa ngapi. "Nilikuwa nawaza uzee wangu, Indu. Moru akiondoka kwa hasira, nani angenitunza?"

Indumati aliyatazama magoti ya mama yake, bado yanang'aa mafuta ya asubuhi. Alingoja mama asikie alichokisema. Mama alipuliza ungo, akaomba ungo mwingine.

Mbao za kukalia zilikuwa zimeshatandikwa sakafuni. Moreshwar alikaa ya kwake, akavaa kofia nyeupe ya sikukuu, macho kwenye sahani. Mama alisogezewa kiti. Sinia la taa lilikuwa tayari, utambi unawaka.

"Shangazi Mafuriko uko wapi," Shaila aliita. "Kaka yako anakufa na njaa huku."

Indumati aliingia na beseni la puri, vile vimkate vya kukaanga. Aliliweka chini.

"Wifi, jina hilo liishie leo. Sanduku nililipandisha kitandani kwa mikono yangu. Mumeo alilishusha majini, bango akaliuza. Mama alijua."

Shaila aligeuka kwa mumewe na tabasamu ambalo bado halijapata habari. "Anasema nini huyu? Ni kweli?"

Moreshwar alinyoosha kofia iliyokuwa imenyooka.

"Puri zinapoa," mama alisema.

"Kweli, zinapoa," Indumati alisema.

Hakugusa sinia la taa. Alikaa kwenye ubao wake, akajiwekea puri tatu, viazi, na maziwa mazito ya iliki mpaka yakafika ukingoni mwa sahani. Akamega, akala. Walimtazama. Katika nyumba ile hakuna aliyewahi kumwona akila kabla ya kaka yake. Alimaliza ya kwanza, akamega ya pili, bila haraka, akitazama chakula chake.

Mwisho Shaila aliinuka, akachukua upawa kwenye sufuria. Akasimama nao mkononi, akimwangalia mumewe, kisha mama, kisha mumewe tena, hajui aanze kumpakulia nani.