Tope la Bahari Kuu na Kreti za Soda

Mtafiti alipofungua chumba cha baridi cha maabara Jumatatu asubuhi, alikuta kreti za soda zimepangwa utadhani dukani. Mabomba yake yaliyojaa tope la utafiti hayakuwemo. Aliyakuta kwenye korido, yameegemezwa ukutani palepale panapopigwa na jua, vifuniko vimelegea. Akafungua la kwanza. Tope lilikuwa limeota ukungu mweupe, laini kama manyoya ya kifaranga.

Damu ilimchemka.

Tope lile lilitolewa sakafuni mwa bahari kuu, kusikofika jua, na meli iliyolitoa haikuwa na mpango wa kurudi. Utafiti wake wote wa shahada ulikuwa mle ndani. Tabaka kwa tabaka, alikuwa anatafuta kaboni iliyozikwa kule ilitoka wapi: ni mabaki ya majani yaliyosombwa na mito, au ya vijimea vya baharini? Na imekaa muda gani bila kurudi hewani? Sasa ukungu ulikuwa umeila na kuipumua kwenye korido. Kilichobaki hakikuwa ushahidi wa chochote, hata ungelia machozi ya damu.

Aliingia kwa mkurugenzi bila kubisha hodi. Mkurugenzi alikuwa mume wa dada yake, mtu wa maneno mengi na kazi kiduchu.

"Shemeji, nani kanitolea tope langu nje?"

"Ah, shem, punguza mori. Wafadhili wanakuja leo. Tuwape soda ya moto?"

"Limeota ukungu! Limeharibika lote!"

"Limekaa chini ya bahari maelfu ya miaka halikuharibika, lije liharibike kwa wikiendi moja?" Akacheka, karidhika na akili zake. "Kwangua huo ukungu, upime kama kawaida. Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

"Basi nyamaza. Dada yako ndiye aliyenibembeleza nikupe nafasi hapa. Usimwaibishe."

Hapo shemeji akawa amemaliza kabisa. Kumharibia mtu kazi ni ubaya tosha. Kumwambia aupake uongo rangi, tena kwa kumtisha na dada yake, huko ni kumpanda kichwani. Mtafiti alitoka akibamiza mlango. Hakukwangua kitu. Alichagua bomba lililoharibika kuliko yote, akalipasua kwa urefu hadi tabaka zote zikaonekana, akaliweka wazi juu ya meza ya maabara.

Wafadhili walikunywa soda yao baridi, kisha wakaletwa maabara. Shemeji alipoliona bomba, jasho lilimtoka. Mama mmoja mwenye miwani aliinama juu ya meza.

"Kaboni hii yote imetoka wapi?"

Shemeji alifungua mdomo, lakini mtafiti alimtangulia. Alijua fika kwamba akishasema, hapo hana kazi tena.

"Hii nyeusi ililetwa na mito, mama. Hii ya kijivu ni ya bahari yenyewe. Na hii nyeupe imeletwa na shemeji yangu."