Siku Neu Lauen Ilipoitwa Freeland

Mimi niliinua mkono. Nasema mapema, wasije wakanisema kanisani kwamba najifanya malaika. Ilikuwa Machi 1918, ukumbini shuleni, Nebraska, tulipoamua mji wetu ukome kuitwa Neu Lauen. Marekani ilikuwa vitani na Wajerumani, na wazee wetu walitoka hukohuko. Wiki ile mtu alikuwa ameupaka mlango wa kanisa rangi ya manjano, kutuita wasaliti, na woga ulikuwa umetuingia mpaka mifupani.

"Mwacha asili ni mtumwa!" alinguruma mzee Detlef, mwoka mikate.

"Asili yako ni tumbo lako, mzee, kaa chini!" sauti ikadakia kutoka nyuma.

Watu wakacheka. Detlef akakaa, akainua mkono kama sisi.

Mkono mmoja tu haukuinuka, wa jirani yangu Mina Brandhorst, mke wa mhunzi. Alisimama akasema, "Jurgen wangu akitaka kurudi, ataulizia mji gani?"

Jurgen ni mwanawe wa pekee. Aligombana na baba yake, akadandia treni kwenda magharibi, mwaka wa tisa sasa. Kila Oktoba ilikuja kadi moja isiyo na anwani ya kumjibu: "Ni mzima. Jurgen." Posta naiendesha mimi, kwa hiyo zote zilipita mikononi mwangu.

"Usihofu, dada," nilimwambia tukitoka. "Kadi ikija na jina la zamani, si mimi nipo?"

"Wewe upo, Hulda. Na huko mbali aliko, yupo nani?"

Nikajifanya nafunga kofia.

Jina la kwanza tulilochagua, wakuu wa posta huko Washington walilikataa, kulikuwa na mji mwingine wenye jina hilo tayari. La pili, Freeland, likapita, na kibao cha stesheni kikang'olewa. Oktoba ile kadi ilikuja. Nilimkimbilia Mina nayo huku naringa.

Oktoba iliyofuata haikuja. Vita vilikuwa vimekwisha, lakini hakuna aliyetaja kurudisha jina. Mina alikuja dirishani kila asubuhi, anaitazama mikono yangu tu. Niliwaandikia makarani wa treni za barua mara tatu, nikiwasihi wasizitupe za Neu Lauen. Nilimtamani yule kijana arudi kama vile nimemzaa mimi.

Mwaka 1921 aliingia posta mchuuzi wa nyuzi na sindano, Bwana Pruitt. Dirishani pangu unaonekana ukuta wa ghala la nafaka, na mvua ilikuwa imeiosha rangi tuliyolifunikia jina la zamani la mji, nalo likachomoza. Akalisoma, akapiga paja.

"Kumbe Neu Lauen ndiyo hii! Mbona tuliambiwa haipo?"

"Nani aliwaambia?"

"Karani wa tiketi, Denver, vuli ya mwaka juzi. Jamaa mmoja mbele yangu alitaka tiketi ya Neu Lauen. Karani akapekua kitabu mara mbili. Akamwambia, hakuna mji huo, bwana. Jamaa akabisha, eti baba yake ni mhunzi huko, mama yake anaitwa Mina. Akaambiwa asogee, wenzake wanangoja."

"Akafanyaje?"

"Akakata tiketi ya kwenda magharibi, Oregon."

Nilifunga posta saa nne asubuhi, jambo ambalo sijapata kulifanya. Nilimkuta Mina anapiga pasi. Nikamweleza yote, na mkono niliouinua nikautaja, maana hata kama aliuona siku ile, ilinipasa niutaje. Nilitegemea anifukuze.

Aliiweka pasi chini taratibu.

"Alikuwa anakuja," alisema. "Hulda, mwanangu alikuwa anakuja nyumbani!"

Uso wake ulikuwa umechanua, machozi yakimtiririka, na mimi nikaona heri angenitukana. Kisha akanishika mikono yote miwili.

"Ilikuwa vuli, kule kuna baridi. Alikuwa na koti?"

Sikuwa nimeuliza.