Mkungu wa Mzee Elisaria

Mzee Elisaria hakuwaamini wanadamu, na kila Jumapili baada ya ibada alijipatia ushahidi mpya. Nje ya kanisa la usharika wao, juu kidogo ya Makumira, yalinadiwa mazao ambayo waumini wamemtolea Mungu, na hapo ndipo alipostarehe kweli. "Mtazame yule," alimnong'oneza mkewe, Anyesi. "Kwake mayai yanaoza. Hapa jirani akilitajia dau yai moja, naye roho inamtoka kulitaka."

Jumapili ya mavuno, kicheko kilimkauka. Kilichoinuliwa mbele ya watu kilikuwa mkungu wake mwenyewe wa ndizi mshare, ule aliouegemeza nguzo usianguke, akawa anautembelea asubuhi na jioni huku akiwaza mtori wa nyama ya mbavu.

"Anyesi! Umeukata saa ngapi?"

"Alfajiri, Baba Ndeshi. Ulikuwa unakoroma."

Aliutaka mkungu wake, aliutaka hasa, na mate yalishamjaa mdomoni. Akapaza sauti kutaja dau. Hapo alikosea, maana usharika mzima ulimjua kwa mkono wa birika. Shingo zikageuka. Kama Elisaria ananunua, basi mkungu huo una jambo! Dau likapanda. Akajaribu kuuponda, akatangaza kwamba ndizi za namna ile huwa chungu.

"Mbona wewe unazitaka?" akauliza mama mmoja wa kwaya, naye akapandisha tena.

Mwishowe mkungu ukaenda kwa Gerson, jirani yake wa ng'ambo ya mfereji, ambaye kwa kawaida mazungumzo yao hayakuvuka salamu. Elisaria nusura alie, mtu mzima na mvi zake.

Lakini pale mnadani mtu huweza kununua kitu akamzawadia mwingine. "Huu ni wa Mzee Elisaria," Gerson akasema. "Mama yangu alipolazwa, mzee alikuja kukaa naye, akamchekesha." Vigelegele vikapigwa.

Sasa, desturi kila mtu anaijua: aliyezawadiwa hushukuru, kisha huirudisha zawadi inadiwe tena, kanisa lipate zaidi. Watu wakasubiri. Mchungaji akasubiri. Anyesi akamkanyaga mumewe mguu. Elisaria akaukumbatia mkungu, akasema, "Asanteni, mbarikiwe," akaubeba begani na kushika njia ya nyumbani. Nyuma yake watu walicheka mpaka wakashikana mabega.

Njiani alijiuliza Gerson anataka nini kwake. Zamu ya maji? Miche ya kahawa? Alichambua kila hila anayoijua asipate jibu, na jambo hilo lilimuudhi sana.

Jioni mtori ukaiva. Kabla hajajipakulia hata kijiko, akajaza hotipoti mpaka kifuniko kikagoma kufunga, akamkabidhi Anyesi.

"Mpelekee Gerson. Mwambie tumekula, tumeshiba, haya ni makombo tu."

"Lakini hatujala, Baba Ndeshi!"

"Mwambie hivyo hivyo," akasema Elisaria kwa ukali. "Asije akadhani mimi ni mtu mwema."