Pumzi Tatu za Sekela

Usiku wa jana nilimwota mdogo wangu Sekela, tuliyemzika hapa Tukuyu kabla mvua hazijaanza. Alikuwa mhadhiri wa hisabati ya uwezekano. Mimi ndiye niliyemuuguza.

Katika ndoto yuko wodini na wanawake wengine watatu. Kila mmoja ameshika pumzi moja, ya duara kama andazi. Juu ya mlango umechorwa mstari mwekundu.

"Mstari ni pumzi nne," inasema shilingi iliyokalia kiti cha muuguzi. "Atakayezifikisha anakwenda nyumbani. Atakayebaki na sifuri, basi tena. Nikiangukia kichwa, naongeza moja. Nikiangukia mwenge, natoa moja. Simpendelei mtu."

"Watafika wangapi?" nauliza.

Inanijibu alama ya hisabati ya "haizidi", ≤, iliyosimama mlangoni mdomo wazi. "Kwa wastani, hawazidi mmoja kati ya wanne."

"Waache wafike hata wawili."

"Mama, wote pamoja wameanza na pumzi nne, na shilingi ikiongeza huku inatoa kule. Wawili wakifika zitakuwa nane. Hizo nyingine zitatoka wapi?"

"Chukua zangu."

Alama inatikisa kichwa kwa upole. "Wewe hukulazwa."

Wodi inageuka ukumbi wa mihadhara. Sekela yuko ubaoni na gauni la hospitali, anavifundisha vitanda. "Mpaka huu wa mmoja kati ya wanne ni mkali. Hausogei hata unywele. Nilithibitisha mwenyewe." Vitanda vinaandika.

Inafika zamu ya Sekela, shilingi inarushwa. Kichwa. Kichwa.

"Dada, nimebakiza moja tu!" Anacheka. Naanza kukunja kanga zake.

Mwenge. Mwenge.

Mwanamke wa kitanda cha pili anavuka mlango na pumzi zake nne. Watoto wake wanampokea kwa vigelegele.

"Usimchukie," Sekela ananiambia.

"Simchukii."

"Unamchukia kidogo."

"Kidogo."

Nakumbuka neno lililonikaa kooni tangu mazishi. "Daktari alisema hukupata nafuu hata siku moja."

"Nilifika tatu, dada. Ulikuwa umekwenda kuchota maji ya moto."

Mwenge.

Niliamka kumekucha, baridi kali, niko peke yangu chumbani. Kwenye kioo cha dirisha, mbali na kitanda, upande wa ndani, kulikuwa na madoa matatu ya mvuke, kama mtu aliyesogeza mdomo akapumua.

La kwanza likafutika. Kisha la pili.

Nilibana pumzi yangu, nikalitazama la tatu.