Swichi ya Sabato

Siku ndugu yangu Ochoki alipoleta mashine aliyoiita nodi nyumbani Nyacheki, nilicheka mpaka mkewe Jacinta akatoka jikoni kuona ni mgeni gani amefika. Kilikuwa kisanduku cheusi, ukubwa wake kama Biblia ya baba, chenye feni moja na taa moja ya kijani. Kwa ajili ya hicho kisanduku Ochoki alikuwa ameweka rehani chai yote aliyorithi, nusu ekari nzima. Najua kwa sababu aliiweka rehani kwangu.

Mimi ni Nyasani, mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya upili mjini Nyamira, kifungua mimba wa mzee Mokua. Nayasema haya mapema ili usije ukapoteza huruma yako bure. Mimi nilisoma kwa kuchuma chai alfajiri kabla ya kengele ya shule. Ochoki alisoma kwa mshahara wangu, akaacha chuo mwaka wa tatu, akarudi nyumbani na kompyuta begani, na baba akamchinjia jogoo. Siku niliyohitimu mimi tulikula maharagwe. Watu husema hayo ni mambo madogo. Ni madogo kwa aliyekula jogoo.

"Bro, wacha kucheka," Ochoki aliniambia. "Hii ni blokcheni. Hakuna ofisi, hakuna bosi. Ni kitabu kimoja cha kumbukumbu, na kinaandikwa na mashine mia mbili, Kampala, Arusha, Eldoret, na sasa hapa kwetu. Kila ukurasa mpya ukija, mashine zinaukagua na kutia sahihi. Mtu akitaka kuiba kilo zako za chai kwa kalamu, itabidi adanganye mashine zote."

"Na wewe ukizidanganya?"

"Ndiyo maana nimeweka amana. Sarafu zangu za kidijitali zimefungwa humo ndani. Mashine ikilala, napoteza kidogo kila saa. Hiyo naweza kuvumilia. Lakini ikitia sahihi mbili kwa ukurasa mmoja..." Alipitisha kidole shingoni. "Unajua karani wa kituo cha chai akishikwa na vitabu viwili vya kilo? Hakuna mtu anamuuliza alikuwa anafikiria nini. Amana inaliwa, jina linafutwa, na huwezi kurudi."

Mtandao wenyewe uliitwa Ushanga. Ukimaliza miezi kumi na miwili bila doa, unapewa kiti cha kudumu chenye malipo ya kila mwezi, na amana yako inafunguliwa. Ochoki alipiga hesabu kwamba mwaka wake ungekamilika katikati ya Desemba, akomboe chai kabla ya Krismasi. Asipoikomboa kufikia Krismasi, chai ni yangu. Tuliandikiana, na baba akatia sahihi kama shahidi. Kwa Ochoki na Jacinta hakukuwa na kitu kingine: ni ile chai au kwenda kuchuma ya watu.

Shida ya kwanza ilikuja Ijumaa ya kwanza. Baba ni mzee wa kanisa la Waadventista, na jua likishatua Ijumaa hata kisu cha ndizi hupumzika bomani kwake.

"Katika boma hili hakuna kinachofanya kazi Sabato," alisema. "Amri imesema wewe, mwana wako, mtumishi wako, mnyama wako."

"Tata, hii si mnyama," Ochoki akajibu.

"Inakula umeme wangu. Inapumua. Inatoa joto. Ni nini basi?"

Mimi nilikaa pale nikifurahia kama niliyelipa kiingilio. Kwetu baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa, ni mwiko wa heshima, kwa hiyo mzee hakuweza kwenda kuizima kwa mkono. Hakuhitaji. Mita ya umeme iko sebuleni kwake, na pembeni yake kuna swichi inayopeleka umeme nyumbani kwa Ochoki. Aliishusha. Taa ya kijani ikafa mpaka Jumamosi jioni, na Ochoki akatembea uani usiku kucha kama mwenye jino bovu.

Wiki iliyofuata akaenda Kisii mjini kwa Bhavin, muuza vifaa vya umeme, ambaye familia yake ni Wahindu na ina duka pale tangu enzi za babu yake. Bhavin alimsikiliza akipima waya.

"Jumamosi kwangu ni siku ya biashara," alisema. "Leta mashine ya pili, weka pale nyuma ya feni. Ijumaa jioni mpaka Jumamosi jioni. Wiki mzima hapana, kodi yake wewe hawezi."

Hivyo ndivyo nodi ya ndugu yangu ilivyopata dini mbili. Ijumaa alasiri Ochoki aliizima ile ya nyumbani, baba akashusha swichi, Ochoki akapanda gari kwenda Kisii kuiwasha ya dukani, yenye ufunguo uleule wa siri. Jumamosi jua likitua, alizima ya dukani, akahakikisha imekufa kabisa, kisha akampigia baba simu. Baba alipandisha swichi, na ile ya nyumbani ikaamka yenyewe, maana Ochoki aliitengeneza hivyo kwa sababu ya umeme wetu wa kukatikakatika. Angengoja afike nyumbani, ingekuwa saa tatu za kulala bure.

Sharti lilikuwa moja, na alituimbisha kama watoto wa Shule ya Sabato: zote mbili zisiwake pamoja, hata dakika moja. Zina ufunguo mmoja. Zikiwaka pamoja zitatia sahihi mbili, na mtandao hautauliza kama ni bahati mbaya.

"Kama sijapiga simu?" alikuwa akimuuliza baba.

"Sigusi," baba alijibu.

"Hata jua likizama?"

"Hata mwezi ukitoka."

Mzee hakuwahi kukosea. Kilichoniuma ni kwamba alianza kuipenda. Aliwaambia wazee wenzake kanisani kwamba boma lake lina mashine inayotunza Sabato kuliko washiriki fulani. Ijumaa aliuliza, "Imelala?" kwa sauti ambayo sijawahi kuulizwa mimi. Nilikuwa nikija kila mwisho wa wiki kutoka Nyamira na sukari, unga na dawa zake za presha, anapokea huku akitazama mlango wa Ochoki.

Jumamosi moja mwishoni mwa Novemba, zikiwa zimebaki wiki mbili na siku mbili mwaka utimie, tulikaa sebuleni kufunga Sabato. Jacinta alikuwa nyumbani kwake, ng'ambo ya ua. Baba alinipa simu yake nimshikie, maana hapendi kusali na simu mkononi. Tuliimba, akasoma zaburi, akapiga magoti. Mimi pia nilipiga.

Aliomba kwa ajili ya kanisa. Akamwombea Ochoki, kazi ya mikono yake, na mashine yake, Mungu ailinde hizi siku zilizobaki. Akamwombea Bhavin na duka lake. Akaombea majani ya chai na ng'ombe anayekaribia kuzaa. Nilikuwa nimefumba macho nikingoja zamu yangu. Nilingoja kama mtoto, mtu mzima wa miaka arobaini na minne. Akasema amina.

Alijiinua kwa kushika kiti. Nje jua lilikuwa limeshazama.

"Ochoki amepiga?" aliniuliza.

Simu ilikuwa kimya kiganjani mwangu. Haikuwa imelia.

"Amepiga, Tata," nikasema. "Anasema washa."

Sikupanga. Ningetaka kukwambia nilipanga, maana anayepanga angalau ana akili. Lilitoka tu, na lilipotoka nilijisikia vizuri, kama mtu aliyetema kitu kilichomkaa kooni miaka. Mzee akatembea mpaka kwenye mita, akapandisha swichi, akatabasamu. Kupitia dirishani niliona taa za kwa Ochoki zikiwaka.

Dakika tatu baadaye Jacinta alikuwa uani, simu sikioni, akipiga mayowe. "Nani amewasha? Bado yuko dukani! Hajazima! Zima, Tata, zima!"

Baba alishusha swichi kwa mikono miwili. Alikuwa amechelewa. Ochoki alituambia baadaye kwamba alikuwa nyuma ya kaunta ya Bhavin, anamsaidia mteja wa mwisho kubeba waya, ndipo aende kuzima. Simu yake ikalia ujumbe mmoja wa Ushanga. Sahihi mbili, ukurasa mmoja. Amana imechukuliwa. Mthibitishaji ameondolewa daima. Karibu wiki hamsini za kwenda Kisii na kurudi zilikwisha kabla mteja hajahesabu chenji.

Alifika kwa pikipiki. Hakumsalimia mtu. Alisimama mbele ya baba pale uani, na yule kijana mpole akamwambia mzee wake maneno ambayo kwetu hayasemwi.

"Ulikuwa unaitaka ife tangu siku ya kwanza. Si ungeniambia tu? Umengoja mwaka mzima nipande, ndio ukate ngazi? Wewe si mzazi. Wewe ni mchawi na Biblia."

Baba akajibu, "Ochoki, omomura one, mwanangu, niliambiwa umepiga. Nyasani aliniambia."

Wote watatu wakanigeukia. Ochoki aliinyakua simu ya baba mkononi mwangu, akafungua orodha ya simu zilizoingia. Hakukuwa na yake. Bila shaka hakukuwa nayo.

Hapo ndipo mlango ulikuwa bado wazi. Ningesema kweli, tungepigana, ningetoka damu, pengine tungezeeka tukisalimiana kwa mbali. Nimefundisha kidato cha pili kwamba njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na nafasi ya hatua moja zaidi.

"Tata," nilisema taratibu, kwa sauti ya mwalimu anayemhurumia mwanafunzi, "mimi nilikwambia hajapiga. Nilikwambia tungoje."

Jacinta alisema, "Mungu anaona," akakatizwa na mumewe. Kisha baba akashusha kichwa.

"Kama Nyasani anasema aliniambia tungoje," alisema, "basi aliniambia tungoje. Mwanangu hawezi kunidanganya amina ikiwa bado mdomoni. Ni kichwa changu. Nisamehe, Ochoki. Kichwa changu kimezeeka."

Ochoki hakumsamehe. Alitema mate chini, kando ya viatu vya mzee, akaingia kwake.

Krismasi ilipita na chai ikawa yangu. Jacinta anaichuma, namlipa kwa kilo kama mchumaji mwingine yeyote, na karani anaandika jina langu. Ochoki amepata kibarua Kiogoro, anabeba matofali, anarudi na vumbi kichwani na kumpita baba kama nguzo. Bhavin alinunua ile mashine ya dukani kwa bei ya chuma. Baba alisimama mbele ya kanisa akajiuzulu uzee wa kanisa. Aliwaambia kichwa kisichoweza kushika neno moja kutoka kwenye maombi mpaka kwenye swichi ya ukutani hakifai kushika kondoo wa Bwana. Wanawake walilia. Mimi nilikaa benchi la pili, nikaitikia amina kwa sauti.

Tangu siku hiyo aliniuliza kila kitu. Je, amekula dawa? Je, leo ni Jumatano? Alipojibiwa alishukuru. Mtu aliyejua kwa kichwa zaburi nzima nzima alikuwa sasa ananiuliza kama amefunga mlango. Nilijibu kwa upole mwingi. Upole haukunigharimu kitu.

Februari aliomba nimpeleke hospitali Kisii, akapimwe huo ugonjwa wa kusikia yasiyosemwa. Nilimpeleka, ningekataa vipi? Daktari alikuwa msichana mdogo mwenye miwani, alimpima karibu saa nzima. Alimpa maneno ayakumbuke, akamchoresha saa, akamuuliza majina ya wajukuu, akamhesabisha kurudi nyuma kutoka mia. Mwisho akafunga faili.

"Mzee yuko sawa," aliniambia huku baba akisikia. "Kumbukumbu yake ni nzuri kuliko ya watu wengi wa umri wako. Hiyo siku mnayosema, kama anakumbuka aliambiwa kitu, mimi ningemwamini."

Tulitoka. Tulikaa kwenye benchi la nje, kati ya mama aliyebeba mtoto na kijana mwenye bandeji. Baba alishika kofia yake magotini. Hakunitazama. Nilihesabu pumzi zangu nikingoja laana, maana laana ya baba kwetu si mchezo, na nilikuwa nimeiva kwayo kuliko embe.

"Nyasani," alisema hatimaye.

"Naam, Tata."

"Usimwambie Ochoki."

Nilidhani sikuelewa.

"Akijua ni wewe, atakuua," alisema. "Nitamzika mmoja na mwingine atafungwa. Acha anichukie mimi. Mimi sina miaka mingi ya kuchukiwa."

Ningepaswa kuanguka miguuni pake. Nilichosikia kifuani kwanza, na ndicho ninachokichukia hata sasa ninapoandika, kilikuwa nafuu. Chai ilikuwa bado yangu.

"Sawa, Tata," nikamwambia, nikamshika mkono kumvusha barabara.